Springi ya Watu Wawili

Asubuhi ile Daktari hakunitania. Hata ile salamu yake ya kila siku, "Fundi, hujambo na vyuma vyako?" hakuitoa. Alisimama mlangoni pa karakana na kofia yake ngumu kwapani, akaitazama pikipiki aliyokuwa akiisubiri kwa hamu, kisha akasema, macho yakiwa sakafuni:

"Hivi vikanyagio vya nyuma vinatoka?"

Nilikuwa nimechuchumaa nafunga waya wa akiba wa klachi sambamba na ule unaofanya kazi. Hivyo ndivyo tunavyofanya kwa pikipiki za kwenda mbali. Waya ukikatika huko porini, huna haja ya kuanza kupitisha mwingine chini ya tangi huku jua linakuchoma, unachomoa uliokufa na kuchomeka ulio hai. Sikuinua kichwa.

"Kilichofungwa kwa boliti kinatoka," nikamjibu. "Kwani vimekukosea nini?"

"Nafikiria pale tuweke madumu ya maji. Moja huku, moja huku."

"Maji tuliyaweka mbele, pembeni mwa tangi. Tulishapanga."

"Najua. Nasema tu. Maji hayatoshi kamwe."

Hapo nikainua kichwa. Vikanyagio vya nyuma ni vya abiria, na abiria wa pikipiki ile nilikuwa mimi. Nilivichomea mwenyewe, nikavisogeza mbele kidogo kwa sababu miguu yangu ni mifupi, nikavizungushia mpira mnene ili visinitetemeshe nyayo safari nzima. Alijua yote hayo. Siku navifunga alinishikia taa.

"Daktari," nikasema, "hebu nitazame."

Hakunitazama.

Ngoja nieleze alivyonipata, maana watu walizoea kusema kwamba msichana wa karakana hawezi kukutana na mtu wa maana ila kwa bahati mbaya. Alikuwa daktari wa mifugo. Alikuwa amepangiwa kazi kule barabara zinakokwisha, kwa wafugaji wanaohamahama, na ofisi yake ilimwambia atafute usafiri wake mwenyewe. Akaja kwetu na picha kwenye simu. Pikipiki pana, nzito, ina masanduku ya bati kila upande na taa nyingi hata hazina kazi.

"Nataka kama hii," alisema.

Nilicheka mpaka baba akatoka stoo kuangalia kuna nini. Kwa bahati tulikuwa na moja ya namna hiyo uani. Nikaisukuma ikalala chini, pwa, akashtuka.

"Inyanyue," nikamwambia.

"Mimi?"

"Nani mwingine? Hiyo ndiyo sheria ya hapa. Pikipiki ya kwenda kusiko na watu haitoki kwenye geti mpaka mwenyewe aiinue peke yake. Ukishindwa hapa kwenye zege, kule kwenye mchanga utalala nayo."

Akavua koti. Akakunja mikono ya shati. Akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka na kifungo cha shati kikaruka kikaingia chini ya benchi. Pikipiki haikusogea. Akakaa chini pembeni yake akihema, kisha akacheka, tena akijicheka mwenyewe, na mimi wanaume wanaoweza kujicheka ni udhaifu wangu.

Nikamchagulia nyingine. Nyembamba, nyepesi, ya kawaida sana machoni. Injini yake inapozwa na upepo, haina mtambo wa maji wa kutobolewa na jiwe. Ina kiki, kwa hiyo betri ikifa unaipiga teke na maisha yanaendelea. Haibagui petroli, hata ile ya kwenye chupa. Nikamfundisha kuiinua: uipe mgongo, uchuchumae, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine chini ya kiti, halafu usukume kwa mapaja ukirudi nyuma hatua ndogondogo.

"Si kwa mikono, Daktari. Unyooshe mgongo. Hapa, hapa." Nikamshika kiuno kumwonyesha.

Nikaondoa mikono yangu nikajifanya natafuta kitambaa cha kufutia oili, na kitambaa nilikuwa nacho begani.

Tangu hapo akawa haishi kuja kwetu. Kila akitoka kazini anapita. Mara kauliza kwa nini mabegi ya turubai na si masanduku ya bati. Nikamwambia sanduku la bati likikuangukia mguuni linauvunja, begi linakusamehe. Mara kaja kunisaidia kufunga bamba la chuma chini ya injini, akaniangushia nati zote. Mara kaja bila sababu yoyote, akakaa juu ya tairi kuukuu, akanitazama nikifanya kazi. Niliyaona macho yake kwenye kioo cha pembeni, naye alijua nayaona.

Baba hakumtaka. Hakuficha. "Nimekufundisha kufunga injini," aliniambia, "sikukufundisha kwenda kukaa kusiko na hospitali. Ukiugua huko atakudunga sindano ya ng'ombe?"

Kisha ikaja siku ya springi. Kabla ya kufunga springi ya nyuma, baba huwa ana swali moja kwa kila mteja, na hulisema bila kuinua macho, maana kwake ni la kazi tu: "Mmoja au wawili?" Springi ya mtu mmoja hukazwa kidogo, ya wawili hukazwa sana. Ukikosea, pikipiki ama inaburuta matako ama inakurusha.

Daktari alinitazama mimi, si baba. Akasema, "Wawili, mzee."

Nilidhani baba atarusha spana. Badala yake alichukua tepu ya kupimia, akaenda akapiga goti nyuma ya gurudumu akasema kwa sauti kavu, "Haya, kaeni." Tukakaa. Daktari mbele, mimi nyuma, mikono yangu sijui niiweke wapi mbele ya baba yangu mzazi. Akapima jinsi kiti kilivyoshuka kwa uzito wetu, akakaza pete ya springi, akapima tena. Kwa watu wengine hilo si lolote. Kwetu sisi ilikuwa ni posa, na ilikuwa imekubaliwa. Baba hakusema neno jingine siku ile, na tangu hapo mimi naye tukawa tunaongea mambo ya kazi tu, lakini alikuwa amepiga goti akatupima wawili, na hilo halifutiki.

Sasa Daktari huyohuyo alikuwa amesimama mbele yangu anataka kuweka maji pa kuweka miguu yangu.

"Sema," nikamwambia. Nikasimama, nikafuta mikono. "Sema kwa mdomo wako. Usinisemeshe kwa boliti."

"Mama yuko nje," akasema.

"Nje wapi?"

"Kwenye gari. Anaogopa oili."

"Oili ya hapa haimrukii mtu. Mkaribishe."

"Fundi, ngoja kwanza nikueleze mimi..."

"Umekuwa na nafasi ya kunieleza. Mkaribishe mama."

Mama yake aliingia akiinua gauni kidogo kwa vidole. Mwanamke mrefu, mnyoofu, uso umechoka lakini umepambwa kwa uangalifu. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwa mbali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu ukae."

Nikampa kigoda kisafi. Akatandika leso yake juu kabla ya kukaa, kisha akaniona nimeona, akasema, "Usinichukie kwa leso. Gauni ni la kuazima." Nilitaka kutabasamu nikajizuia. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na kumbe haitakuwa rahisi.

"Mwanangu," akasema, "kwanza ujue kwamba sikukatai. Watu wamenijia na maneno, eti anavaa ovaroli, eti kucha zake nyeusi. Mimi wanangu nimewasomesha kwa kuuza mkaa. Mkono mweusi haunitishi."

"Asante, mama."

"Lakini nina jambo. Nilizaa wavulana wawili. Mkubwa alikwenda ng'ambo na mkewe. Akaniambia, mama ni mwaka mmoja tu. Leo wajukuu zangu wananiamkia kwenye simu kwa lugha nisiyoielewa, namwuliza baba yao wamesema nini, naye ananijibu wamesema shikamoo. Simlaumu mkewe. Ni msichana mzuri. Ila nimejifunza. Mtu akiondoka na kila anachokipenda, arudi kufuata nini?"

Daktari alikuwa anachezea ukanda wa kofia yake.

"Kwa hiyo nimeomba hivi," mama akaendelea. "Harusi ifungwe kabla ya Jumapili, siku anayoondoka, kama mzee wako ataridhia. Yeye aende kazini. Wewe ubaki kwangu. Chumba kipo, nimekwishakipaka rangi. Mkewe akiwa kwangu, atarudi."

"Na karakana?"

"Ah, mwanangu. Mume yuko safarini, mke anashinda kwenye karakana na wanaume wanaoingia na kutoka? Watu watasema nini?"

Kutoka stoo nilisikia boksi la vipuri likianguka. Baba alikuwa humo muda wote, mlango wazi, na stoo haikuwa na kazi yoyote ya kumweka humo.

Nikamgeukia Daktari. "Wewe unasemaje?"

"Ni kwa muda tu, Fundi. Mkataba ukiisha narudi, tunaanza maisha yetu..."

"Sikukuuliza habari za mkataba. Wewe unasemaje?"

"Mama amezeeka. Nikijua uko naye nitafanya kazi kwa moyo mtulivu."

"Ulikubaliana naye lini?"

Akasita. "Juzi."

"Juzi." Nikashika kiti cha pikipiki. "Jana ulikuwa hapa. Ulikaa pale, juu ya lile tairi. Nikakuonyesha nguo zangu nilivyozikunja kwenye begi la kushoto zisichukue nafasi, na wewe ukaniambia nisisahau koti la mvua. Jana hiyohiyo, Daktari. Ulijua siendi, ukanikumbusha koti la mvua."

"Nilikosa pa kuanzia."

"Ukaona uanzie kwenye vikanyagio."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Hebu nifundishe."

Mama yake akataka kuingilia, kisha akaacha. Nadhani hata yeye hakuwa ameambiwa habari za jana.

Nitasema ukweli, sioni haya. Kama angenijia jana akasema, Fundi, mama analia, nimebanwa, tufanye nini? ningekaa naye chini tukatafuta njia. Ningelia, ningemtukana kidogo, lakini pengine mwisho wake ningeingia kwenye kile chumba kilichopakwa rangi na kumngoja. Nilimpenda kiasi hicho. Ningemfulia mama yake leso, ningejifunza kukaa bila kazi. Lakini hakuna aliyeniuliza. Walikaa wawili wakanipanga, kama mtu anayepanga mzigo, hiki kibebwe, hiki kibaki.

"Mama," nikasema, "nakushukuru kwa chumba. Sitakuja."

"Usijibu kwa hasira, binti."

"Nina hasira, mama, sikatai. Lakini hata ikipoa, jibu ni hilo." Nikamgeukia yeye. "Pikipiki hii nimeijenga kwa mikono yangu kuanzia boliti ya kwanza. Kama humu tu umeshindwa kunibakizia pa kukanyaga, huko kwenu utanibakizia nini?"

Uso wake ukabadilika. Akanijia, akanishika mkono na grisi zake zote. Niliisikia harufu yake ile ya sabuni na dawa ya mifugo ambayo nilikuwa nimeanza kuipenda bila sababu.

"Basi viache," akasema haraka. "Viache vikanyagio. Twende wote. Jumapili, mimi na wewe."

Ningekubali. Naapa ningekubali, nilikuwa nimekwishafumbua mdomo. Lakini aliposema "mimi na wewe" alikuwa anamtazama mama yake, kuona amechukuliaje. Mimi nilikuwa mbele yake, nimeshikwa mkono, na macho yake yalikuwa yamepita juu ya bega langu yakienda kuomba ruhusa.

Nikauchomoa mkono wangu taratibu.

"Nipe spana ya kumi na mbili," nikamwambia. "Iko hapo nyuma yako."

"Fundi, tafadhali."

"Nipe, au nijichukulie?"

Akanipa. Nikapiga goti, nikafungua kikanyagio cha kushoto, kisha cha kulia. Nilivikaza vizuri mno siku ile, ikabidi nining'inie kwenye spana kwa nguvu zangu zote. Nikaviweka sakafuni kimoja kando ya kingine. Halafu nikafungua begi la kushoto. Mabegi tulikuwa tumeyajaza mapema kwa sababu pikipiki hujaribiwa ikiwa na mzigo wake kamili. Nikatoa sweta langu, suruali zangu, viatu vyangu vya ngozi. Nikatoa koti la mvua. Mama yake aliangalia pembeni kama vile navua nguo mbele yake.

Begi likawa tupu na pikipiki ikalalia upande wa kulia. Pikipiki isiyolingana mzigo inachosha mabega, baada ya nusu siku huwezi kuishika. Nikachukua madumu mengine ya maji nikayapakia kushoto mpaka ikasimama sawa.

"Haya," nikasema, "maji umeyapata."

Akaweka kofia yake kichwani, akaivua tena. Hakujua afanye nini na mikono.

Hapo ningeweza kuacha. Pikipiki ilikuwa imekamilika kwa macho ya mtu yeyote asiye fundi. Lakini springi ilikuwa bado imekazwa kwa watu wawili, na mtu mmoja kwenye springi ya watu wawili, akiteremka kilima cha mawe, gurudumu la nyuma linaruka linampita mgongoni. Asingejua mpaka siku hiyo. Nilisimama pale na spana mkononi, na kwa muda mfupi nikamwona yuko chini kati ya mawe, na sikuumia. Nasema hili ili mjue nilivyokuwa nimejaa.

Kisha nikasema, "Panda."

"Nini?"

"Panda ukae. Springi ni ya watu wawili. Nailegeza."

Akapanda. Nikalala chali sakafuni, nyuma ya gurudumu, nikaishika ile pete kwa spana yake ya ndoano. Ilikuwa ngumu mwanzoni. Baba alikuwa ameikaza kwa moyo. Nikavuta, ikalia, ikazunguka. Nikainuka nikapima kwa tepu, bado. Nikalala tena, nikavuta. Machozi yalikuwa yananitoka yakiingia masikioni, na kwa kuwa nimelala chali sikuweza kuyafuta, mikono ina grisi. Kila nilipoizungusha ile pete nilijua nini kinatoka. Uzito wangu ndio uliokuwa unatoka. Nilikuwa najitoa mwenyewe kwenye pikipiki ile, kidogo kidogo, na yeye amekaa juu yangu ametulia kama nilivyomwagiza.

"Fundi," akasema kutoka juu, sauti imekatika. "Unalia?"

"Kaa sawa. Usipokaa sawa sipati kipimo."

Akakaa sawa. Kipimo kikaja. Mtu mmoja.

Tukaitoa uani. Mama yake akatufuata mpaka kwenye kivuli cha ukuta. Nikaishika pikipiki usukani, nikaisukuma ikalala chini na mzigo wake wote, madumu yakagonga zege. Mama akapiga yowe.

"Unaivunja?"

"Hapana, mama. Ni sheria ya hapa. Akiinua inatoka. Asipoinua haitoki."

Nikaingiza mikono mifukoni mwa ovaroli. Na hapo, huku uso wangu umekauka, nilimwombea ashindwe. Niliomba kwa nguvu kuliko nilivyowahi kuomba kitu chochote. Ashindwe, Jumapili ipite, ofisi yake ichoke, apewe mtu mwingine hiyo kazi. Abaki hapa akikaa juu ya lile tairi kuukuu, tugombane mpaka tuchoke, halafu tuone.

Akainama akaivuta kwa mikono. Ilipanda kidogo ikarudi chini. Akavuta tena, miguu ikateleza, akaanguka kwa goti.

"Jamani, msaidie basi!" mama yake akanilalamikia. "Umesimama tu unamwangalia?"

"Huko aendako hakuna wa kumsaidia, mama. Tumepanga aende peke yake."

Alinisikia. Akabaki amepiga goti pale, anahema, shati limelowa mgongoni. Kisha nikaona amekumbuka. Akasimama, akaipa pikipiki mgongo. Akachuchumaa. Mkono mmoja usukani, mwingine chini ya kiti. Akanyoosha mgongo, pale pale nilipomshika siku ile. Akasukuma kwa mapaja, hatua ndogo, hatua ndogo, na pikipiki ikaanza kuinuka nyuma yake, madumu na yote, mpaka ikasimama.

Akashusha stendi. Akanigeukia na ule uso wake wa zamani, uso wa mtu anayengoja kusifiwa. Lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua, akakumbuka tulipofika, uso ukazimika.

Nikampa ufunguo.

"Chujio la hewa ulioshe kila jioni," nikamwambia. "Kule vumbi ni la unga. Ulipake mafuta yake, si oili ya injini."

"Nitaosha."

"Cheni usiikaze sana. Iache ipumue."

"Fundi, nikirudi..."

"Na tairi, ukifika kwenye mchanga, punguza upepo. Usione uvivu. Ukitoka kwenye mchanga jaza tena, pampu iko chini ya kiti."

Alingoja nimalize. Nilikuwa nimemaliza. Akavaa kofia, akapiga kiki, injini ikaitika mara ya kwanza tu, na hata katika hali ile nikaona fahari, Mungu anisamehe. Akaizungusha uani mara moja, akapita getini. Sikutoka kumwangalia. Nilisikia anabadilisha gia, ya pili, ya tatu, kisha ikawa sauti ya pikipiki yoyote mtaani.

Mama yake alibaki. Dereva wa gari alipiga honi, mama hakwenda. Alisimama pale getini na leso yake mkononi, akiitazama barabara.

"Haitamwangusha," nikamwambia, kwa sababu nilimwonea huruma. "Hilo naweza kukuahidi. Imefungwa vizuri."

"Si pikipiki ninayoiogopa, mwanangu." Akanigeukia, na safari hii alikuwa anaomba waziwazi. "Wewe umekataa. Sasa atarudi kufuata nini?"

"Wewe upo, mama."

Akatikisa kichwa. "Mimi nilikuwepo hata kwa yule wa kwanza."

Akaikunja leso yake, akaenda garini. Hakuinua gauni tena, na upindo wake ukapita juu ya doa la oili pale mlangoni. Wala hakuona.

Nikarudi ndani. Vile vikanyagio viwili vilikuwa palepale sakafuni, na nguo zangu zimekaa kwenye kigoda. Nilikuwa nazikunja upya bila kujua nazikunjia safari gani, ndipo baba akatoka stoo. Alikuwa amejifuta vumbi ambalo hakuwa nalo. Akaokota kikanyagio kimoja, akakigeuza mkononi, akaangalia mchomeleo wangu.

"Umemlegezea springi," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza lisilo la kazi tangu ile siku aliyotupima, ingawa lilikuwa la kazi.

"Nimemlegezea."

"Mimi ningemwacha hivyohivyo. Akaruke huko kama panzi."

"Unasema tu, baba."

Akafikiri kidogo. "Nasema tu," akakubali.

Nilicheka. Kilianza kama kicheko kabisa, kisha kikanigeuka kooni, nikakaa juu ya lile tairi kuukuu na koti la mvua mapajani na nikashindwa kujizuia. Nililia kwa sauti, kwa namna ambayo sijalia tangu utotoni, na mlango ulikuwa wazi na watu wanapita nje. Baba hakuniambia ninyamaze. Hakujua kunishika, hajawahi kujua. Alikwenda tu kwenye kona akaiwasha mashine ya kujazia upepo, ile yenye makelele ya kuziba masikio, akasimama kando yake ameshika mpira wake, ingawa hapakuwa na tairi la kujaza.

Akaiacha ikinguruma mpaka nilipomaliza.